Je, Mstaafu wa Kigeni Apewe Jembe?

Kila mwanzo wa mwezi baba yangu hunitumia pesa kutoka Bukavu. Simu inalia, nashuka ngazi za bweni, naenda kwa wakala mwenye kibanda cha mbao kando ya lango, natoa kitambulisho, naingiza namba ya siri, napewa noti. Mwezi mmoja nilisoma ujumbe ule mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa na mazoea ya kulifanya, nikaona kwamba mbali na ada ya kampuni ya simu kuna kipande kingine kilichokatwa. Kodi. Tangu mwaka 2018 Uganda hutoza kodi pesa zinazotolewa kwenye simu, na kiwango chake ni nusu ya asilimia moja. Kwa shilingi 400,000 ni shilingi 2,000, ambayo hapa Kampala inakaribia bei ya rolex moja, ile chapati iliyokunjwa pamoja na yai.

Si pesa ya kumnyima mtu usingizi, lakini usiku ule ilininyima. Baba yangu ni fundi pikipiki. Kila senti inayonifikia aliipata akiwa amechutama kando ya pikipiki ya mtu, mikono imejaa oili. Uganda haikumshikia spana. Kwa nini basi jasho lake likatwe kodi katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na ambayo mimi mwenyewe naishi kama mgeni, sina kura, na kibali changu cha masomo kina tarehe ya mwisho?

Siku zilezile chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kinaandaa mdahalo. Mwalimu wetu wa falsafa ya maadili, ambaye ndiye mlezi wa chama, hupenda mada za mbali. Anasema mada ya karibu humfanya mtu aseme kwa niaba ya kabila lake au chama chake, lakini ya mbali humlazimisha afikiri. Safari hii alituletea hoja hii: wastaafu wa kigeni wanaoishi Thailand wanadaiwa kodi ya pensheni wanazolipwa na nchi zao. Nilipangwa upande wa kupinga. Nilifurahi mno, kwa sababu nilikuwa na shilingi zangu 2,000 za kulipizia kisasi. Tulishinda mdahalo. Nikarudi chumbani nikagundua kwamba siamini tena maneno niliyoyasema. Insha hii ni jaribio la kulipa deni hilo.

Nianze na jambo lenyewe, kwa kuwa wengi wetu ukumbini hatukulijua. Thailand huwapa wageni waliotimiza miaka 50 ruhusa ya kuishi huko kama wastaafu, mwaka mmoja mmoja, mradi waonyeshe kwamba wana cha kujikimu: mapato ya baht 65,000 kwa mwezi, au akiba ya baht 800,000 benki, au mchanganyiko wa hayo mawili. Kila siku 90 mgeni huyo huripoti anwani yake kwa idara ya uhamiaji. Haruhusiwi kufanya kazi. Hawezi kumiliki ardhi, ingawa anaweza kununua makazi katika jengo la ghorofa. Hapigi kura. Ukienda Chiang Mai, Hua Hin au Pattaya utawakuta, wengi wao kutoka Ulaya, Marekani na Australia, na wengine wameoa wakahamia vijijini kwa wakwe, huko Isaan, kaskazini-mashariki ya nchi.

Sheria ya kodi ya Thailand, kifungu cha 41, inasema mtu aliyekaa nchini siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda ni mkazi, na mkazi hulipa kodi ya mapato ya ng'ambo anapoyaingiza nchini. Kwa miaka mingi idara ya kodi iliisoma sheria hiyo kwa upole: mapato yalitozwa tu yakiingizwa katika mwaka uleule yaliopatikana. Aliyeweza kusubiri mpaka Januari hakudaiwa kitu. Tarehe 15 Septemba 2023 idara ikatoa agizo jipya, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mapato ya ng'ambo yatatozwa kodi mwaka wowote yatakapoingizwa. Mwezi Novemba likafuata agizo la pili, kwamba yaliyopatikana kabla ya 2024 hayataguswa. Sheria yenyewe haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sheria inawadai, naweza kumjibu kwa sentensi moja au mbili. Swali lililoninyima usingizi si hilo. Sheria ingenyamaza, kama ilivyokuwa kama imenyamaza kwa miaka yote hiyo, je, mzee huyu wa kigeni angekuwa anadaiwa kitu na watu anaoishi kati yao?

Hapa lugha yetu inatutega. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa vitu viwili. Kuna kodi ya nyumba, ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na kuna kodi ya serikali. Tena kuna kitenzi kukodi: unakodi baiskeli kwa saa moja, unalipa saa moja, unairudisha, hamdaiani. Tuna neno ushuru pia, lakini watu wengi wakifikiria kodi wanafikiria chumba. Ukumbini nilitumia mtego huo bila huruma. Nilisema: mpangaji hulipia chumba alichopewa. Mstaafu huyu amepewa nini? Mpango wa afya wa Thailand, ule ulioanzishwa mwaka 2001 na kujulikana kwa ada yake ya baht 30 kwa kila matibabu, ni wa raia; yeye hutibiwa kwa pesa yake. Watoto wake walishasoma kwao, wamekua. Hachagui diwani wala mbunge. Na akinunua hata sabuni tayari analipa asilimia 7 ya kodi ya ongezeko la thamani. Nikauliza kwa sauti ya juu: je, mpangaji alipie chumba asichofunguliwa mlango? Watu walipiga makofi. Nadhani hapo ndipo tuliposhinda.

Msichana mmoja wa upande wa pili, mwenyeji wa Mbale, alinijibu kwa sauti ndogo, na ukumbi haukumsikia vizuri. Mimi nilimsikia. Alisema: mwenzangu amehesabu milango iliyofungwa tu.

Baadaye nilijaribu kuhesabu ile iliyo wazi. Barabara anayopita mzee huyo kwenda sokoni. Umeme na maji. Polisi anayemwita akiibiwa. Hospitali ya binafsi anakolipa mwenyewe, sawa, lakini daktari anayempima moyo, kama madaktari wengi wa Thailand, amesomeshwa katika chuo kikuu cha umma. Na kuna jambo ambalo mpangaji haliweki kwenye hesabu kwa sababu haliletewi ankara, nalo ni urahisi wa maisha wenyewe. Kwa nini pensheni isiyotosha Manchester inatosha Chiang Mai? Haikuongezeka njiani. Inatosha kwa sababu mama anayempikia tambi asubuhi, kijana anayemwoshea nguo, na fundi aliyejenga ghorofa anamoishi, wote wanalipwa kidogo.

Huyo mama wa tambi akifika miaka 60, serikali yake humpa posho ya uzeeni ya baht 600 kwa mwezi. Akifika 70 inakuwa 700, akifika 80 inakuwa 800, na akijaliwa kufika 90 atapata baht 1,000. Sasa liweke hilo kando ya baht 65,000 ambazo mgeni lazima azionyeshe ndipo aruhusiwe kuzeeka mtaa uleule. Ni zaidi ya mara 100. Nilipoandika namba hizo mbili kwenye daftari, moja juu ya nyingine, ndipo hoja yangu ya chumba ilipoanza kuninukia vibaya. Wazee wawili wanakaa mtaa mmoja, wanavuta moshi uleule wa mashamba yanayochomwa kila kiangazi huko kaskazini, na mmoja anasema hadaiwi kitu kwa kuwa mlango fulani hakufunguliwa.

Hata hivyo sikubali kwamba namba hizo zinamaliza mambo. Mtu anaweza kuwa tajiri kuliko jirani yake na bado asidaiwe. Hoja nzito zaidi ya wastaafu, ambayo kwa aibu niseme sikuitumia kwenye mdahalo, inahusu jasho. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Mzee wa Birmingham alipofanya kazi kiwandani mwaka 1980, sehemu ya ujira wake iliwekwa kando, na leo anaipokea. Barabara aliyopita kwenda kiwandani ilijengwa na Uingereza. Shule iliyomfundisha kusoma ilikuwa ya Uingereza. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi michango ya pensheni husamehewa kodi inapowekwa, kwa makubaliano kwamba kodi italipwa siku ya kuitoa. Nchi iliyomlea ilikopesha, na sasa inangoja kulipwa. Kwa nini mavuno ya shamba lile yagawiwe hapa?

Baba yangu angeielewa hoja hii mara moja. Ni hoja ya spana.

Lakini ukiifuata mpaka mwisho, haisemi kwamba mstaafu hadaiwi. Inasema kwamba anadaiwa kwingine. Na hapo mikataba ya nchi na nchi imejaribu kugawanya deni, wakati mwingine kwa namna inayochekesha. Mkataba wa Marekani na Thailand unaiachia Marekani peke yake malipo ya mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Mkataba wa Uingereza na Thailand wa mwaka 1981 unaiachia serikali iliyomwajiri mtu pensheni ya utumishi wa umma. Pensheni ya kampuni binafsi haina kinga hiyo. Chukua basi Waingereza wawili wenye umri mmoja, wanaokunywa chai meza moja huko Hua Hin. Mmoja alikuwa karani wa wizara, mwingine fundi wa kiwanda. Wa kwanza hana la kuiambia idara ya kodi ya Thailand kuhusu pensheni hiyo. Wa pili ana fomu ya kujaza kabla Machi haijaisha. Sheria inaweza kutofautisha hivyo, na ina sababu zake. Maadili yatashindwa kueleza kwa nini jirani mmoja ana wajibu kwa mtaa wake na mwenzake hana.

Nilichojifunza kwenye hoja ya jasho ni kwamba kodi iliyokwisha kulipwa kwao lazima ihesabiwe, asitozwe mara mbili kwa kikombe kimoja. Na kuna wengine kwao wameshasahauliwa. Mwingereza anayehamia Thailand, pensheni yake ya serikali haipandishwi tena kila mwaka kama ya mwenzake aliyebaki nyumbani. Hukwama pale ilipokuwa. Mzee wa miaka 85 anaweza kuwa anapokea kiasi kilekile alichopokea akiwa na miaka 65, huku bei zikipanda mwaka baada ya mwaka. Mtu kama huyo akilalamika kwamba nchi moja imemwacha na nyingine inamfuata, mimi siwezi kumwita bahili.

Tuangalie basi ni kiasi gani kinachogombaniwa, maana katika midahalo yetu watu hupigana saa nzima juu ya mfuko ambao hakuna aliyeufungua. Chukua mstaafu aliyepita miaka 65, anayeingiza kiasi kilekile cha baht 65,000 kwa mwezi, yaani 780,000 kwa mwaka. Anakatiwa baht 100,000 za gharama, 60,000 za nafsi yake, na 190,000 kwa sababu ya umri. Zinabaki 430,000. Za kwanza 150,000 hazitozwi. Zinazofuata 150,000 hutozwa asilimia 5, na 130,000 za mwisho asilimia 10. Jumla ni baht 20,500 kwa mwaka, karibu 1,700 kwa mwezi, kama asilimia 2.6 ya mapato yake. Kwa mwenye miaka chini ya 65, ambaye hana nafuu ile ya umri, ni baht 45,500. Si kitu cha kumfukuza mtu nchini. Lakini sitawacheka wanaokasirika, mimi niliyekasirikia rolex moja. Mtu hakasirishwi na kiasi. Hukasirishwa na kutojua anahesabiwa kama nani.

Swali hilo la kuhesabiwa kama nani ni la zamani sana. Tulilisoma mwaka wa kwanza bila kulitambua. Kitabu cha Jamhuri cha Plato kinaanza kwa mazungumzo na mzee mmoja, Cephalus, huko Piraeus, bandari ya Athens. Tulipokisoma darasani tulimpita haraka, tukimwona kama mlango tu wa kuingilia kwenye mazungumzo makubwa. Lakini Cephalus alikuwa mgeni. Asili yake ni Syracuse. Alikuwa amezeekea Athens, tajiri, asiye raia. Wageni wakazi wa aina yake walilipa kodi maalumu ya kila mwaka, drakma 12 kwa mwanamume na 6 kwa mwanamke anayejitegemea, hawakuruhusiwa kumiliki ardhi ila kwa idhini ya pekee, na hawakupiga kura. Aristotle naye, mtu wa Stagira, aliishi Athens katika hali hiyohiyo. Na ni huyo Cephalus, mzee wa kigeni, anayesema kwamba faida kubwa ya mali uzeeni ni kumwezesha mtu kuondoka duniani bila deni kwa miungu wala kwa watu. Haki, kwa maneno ya mzee yule, ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa.

Socrates akamjibu kwa mfano wa rafiki aliyekuwekea silaha kisha akarukwa na akili: je, umrudishie? Wako wanaoutumia mfano huu kwa Thailand. Wanasema nchi hiyo ilipinduliwa na jeshi mwaka 2006, tena mwaka 2014. Kwa nini mtu aipe pesa? Hoja hii naiheshimu inapotoka kinywani mwa Mthai. Inapotoka kwa mtu aliyehamia huko mwaka 2015, akaipenda hali ilivyo, akanunua jokofu, na akaikumbuka demokrasia siku alipoletewa fomu ya kodi, naisikia kama kikohozi cha mtu anayetafuta njia ya kutoka mkutanoni.

Katika kitabu kingine, Crito, Socrates anatoa hoja kali zaidi. Aliyekaa katika mji kwa hiari, akiwa huru kuondoka, amekwisha kukubali sheria zake. Upande wa pili waliitumia hoja hii ukumbini na mimi niliipinga, na hapo tu bado nasimama na upande wangu. Mzee wa miaka 78, mwenye mke Mthai, aliyeuza nyumba yake Norway miaka 15 iliyopita, ana uhuru gani wa kuondoka? Tena alipokuja, sheria ilisomwa hivi. Amezeeka, inasomwa vile. Ukibadilisha masharti ya mchezo mwenzio akiwa ameshachoka kukimbia, huwezi kusema alikubali. Kama deni lake linatokana na ahadi, basi ni ahadi iliyoandikwa upya wakati yeye amelala.

Ikiwa halitoki kwenye chumba alichopangisha, wala kwenye ahadi aliyotoa, linatoka wapi? Hapa nilirudi kwenye methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameichoka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tulifundishwa kwamba methali hii inawakemea wavivu. Sasa sina hakika. Angalia jinsi ilivyo. Jembe si malipo ya ugali wa siku mbili. Ugali ule ulikuwa wa bure na unabaki wa bure. Mgeni haulizwi kama alikubali mapema. Wala hapewi jembe kwa kuwa wenyeji wanamchukia. Wanayemchukia humpa nauli. Anapewa kwa sababu hesabu ya watu wa nyumba ile imebadilika. Jana walikuwa saba na mgeni. Leo ni wanane. Chakula cha kesho kitalimwa na watu wanane kwa kuwa kitaliwa na watu wanane.

Thailand imeiweka siku ya tatu kuwa siku ya 180. Naiona ni karimu kuliko sisi. Na kwa kuwa imemkataza mstaafu kufanya kazi, jembe pekee linaloweza kuwekwa mkononi mwake ni kodi. Mtu anayeamka mahali, anayezikwa mahali, ambaye soko lake, jirani yake na muuguzi wake wako mahali, amekuwa sehemu ya hesabu ya pale, hata kama kitabu cha uhamiaji kinasema vingine. Anadaiwa kwa sababu hiyo. Sasa naamini hivyo, na ndiyo maana nasema nilishinda mdahalo kwa hoja mbaya.

Lakini methali ina upande ambao serikali hupenda kuusahau. Anayempa mgeni jembe amekubali pia kwamba si mgeni tena. Thailand inatoa jembe na kuendelea kumwita mgeni. Kila baada ya siku 90 anaulizwa anakaa wapi. Kila mwaka anaonyesha upya pesa zake kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka uwanja wa ndege. Ukumbini ningesema kwamba kwa hiyo asilipe. Leo nasema alipe, na aulize. Ana haki ya kuuliza: ikiwa mapato yangu ni ya hapa, kwa nini uzee wangu si wa hapa? Je, nikilipa kodi miaka 10, siwezi hata kuchangia bima ya afya ya umma nikatibiwa kama jirani yangu? Hadai zawadi. Anawadai wenyeji wamalizie methali waliyoianza.

Na kuna jambo moja linaloniudhi kuliko yote, ambalo upande wa pili hawakulitaja kwa kuwa lingewaharibia. Mwaka 2022 Thailand ilianzisha viza ya muda mrefu ya miaka 10. Kati ya wanaoipata wamo wastaafu matajiri, wenye mapato ya dola 80,000 kwa mwaka, au dola 40,000 pamoja na uwekezaji wa dola 250,000 nchini humo. Kwa amri ya kifalme namba 743 ya mwaka huo, hao wamesamehewa kodi ya mapato ya ng'ambo wanayoyaingiza. Rudi sasa kwenye ile meza ya chai. Fundi wa kiwanda mwenye baht 65,000 kwa mwezi anajaza fomu. Mwenye mapato mara tatu au nne ya hayo anaagiza chai nyingine. Mgeni aliyekuja na kuku amepewa jembe. Aliyekuja na ng'ombe ametandikiwa mkeka kivulini.

Sababu inajulikana: nchi zinagombania matajiri, na tajiri akiguswa anahamia jirani. Kama mbinu ya biashara nimeielewa. Kama jibu la swali la haki ni aibu, kwa sababu inamwambia fundi kwamba sababu ya kudaiwa si kuishi kwake pale. Sababu ni kwamba hana uwezo wa kutishia kuondoka.

Je, upendeleo huo unafuta deni la fundi? Nilifikiri kwa siku kadhaa, na jibu nililipata mahali pasipo na heshima kubwa. Kwenye nyumba niliyopanga mwaka wa kwanza tulikuwa na zamu ya kuosha choo. Kijana mmoja, ndugu wa mwenye nyumba, jina lake halikuwahi kuwekwa kwenye karatasi ya zamu. Sote tulilalamika. Mmoja wetu akaamua kugoma: kama yule haoshi, naye haoshi. Juma lile choo hakikumtesa ndugu wa mwenye nyumba, ambaye alikuwa na cha kwake ndani. Kilitutesa sisi. Tuliendelea kuosha, na tuliendelea kulalamika, na mambo hayo mawili hayakupingana. Fundi wa Hua Hin akigoma, anayekosa si yule mwenye dola 80,000. Anayekosa ni mama wa tambi na baht zake 600.

Sidai kwamba kila baht ya kodi humfikia. Sijui nchi ambayo kila senti hufika inakotumwa, na ningekuwa wa mwisho kuamini hivyo, mimi mtoto wa Bukavu.

Nilimpigia baba simu nikamweleza haya yote, mdahalo, wazee wa Thailand, jembe, na mwishowe ile kodi ya shilingi 2,000 ambayo sikuwa nimewahi kumtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Hapo bwenini kwenu usiku kuna taa barabarani?"

Nikamwambia zipo, kuanzia langoni mpaka kwenye kituo cha mabasi. Moja tu ndiyo haiwaki.

"Na wewe unapita hapo usiku?"

Napita, baba.

Akanyamaza kidogo, nikasikia nyundo ikigonga chuma huko nyuma yake. Halafu akaniuliza kama mwezi ujao aongeze hiyo elfu mbili juu. Nikamwambia aongeze.